Mdhamini Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Msimu wa mikopo umeanza. Foleni ya wanafunzi ilifika nje ya duka, mpaka kwa muuza vocha. Bosi alikuwa anacheka peke yake kaunta. Kwake elimu ya juu ni mashine ya fotokopi isiyopoa.

Nami nikajaza fomu za watu siku nzima. Jina la baba. Kazi ya baba. Baba yupo, hayupo, hajulikani alipo. Halafu sehemu ya mdhamini, na hapo wote wananikazia macho kana kwamba mimi ndiye niliyeitunga. Binti mmoja aliyekuja na mama yake aliniuliza kama mdhamini ndiye anayetoa hela. Nikamwambia hapana, ndiye anayeandikwa. Mama yake akaridhika. Basi tumwandike baba yako mdogo, akasema, anapenda kuandikwa.

Nikamwandika.

Hii ndiyo kazi ya shahada yangu ya sosholojia. Kuwaingiza wengine mlemle nilimonasa mimi, kwa ujira wa mkononi, bila mkataba, bila jina langu popote. Hilo la bila jina nimelitaka mwenyewe. Jina likionekana kwenye orodha ya mishahara tu, ofisi ya mikopo inakata. Na kwa mshahara huu, wakikata nitabaki na harufu ya wino.

Jioni mama kapiga simu. Anasema mjomba amepata meseji kutoka ofisi ya mikopo. Ananitafuta. Amefurahi sana.

Amefurahi?

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia. Shikamoo mjomba. Marahaba, msomi wangu! Akanisomea ile meseji kwa sauti yake ya kusomea risala: Ndugu mdhamini, unatakiwa kufika ofisini Alhamisi tarehe 13 kuhusu mnufaika wako. Uje na kitambulisho na karatasi za mafao.

Neno mdhamini alilirudia. Akalionja. Wamenikumbuka, akasema. Serikali ikikuandika imekuandika. Na mimi lazima niende naye, mnufaika wake, wanione nilivyotokea.

Nilishika simu hata baada ya yeye kukata.

Niandike hapa, maana sina pengine pa kulisemea. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa dobi wa hospitali. Amestaafu mwezi uliopita. Mwaka ule niliojaza fomu yangu alihitajika mtu mwenye ajira ya kudumu, na katika ukoo wetu mzima alikuwa yeye tu. Tulipofika dirishani akauliza, mdhamini ndiyo nini? Foleni ndefu, karani amenuna, ofisi inataka kufungwa. Mama akamjibu harakaharaka: si ni kama wale wa timu za mpira, wanaoandikwa kifuani kwenye jezi.

Mjomba akavuta pumzi, akasaini. Mkia wa sahihi yake ulitoka nje ya mstari.

Toka siku hiyo yeye ni mdhamini. Wa jezi. Senti hajawahi kutoa. Alitoa sanduku, zipu mbovu, nikalifunga kwa kamba miaka yote ya chuo. Aliyeuza cherehani ili nilipe chumba ni mama. Siku ya mahafali mjomba akakaa kiti cha mbele na mama nyuma kabisa, nguzo imemziba. Mchumba wangu alipoleta wazee wake kujitambulisha, mjomba aliwaeleza kwa kirefu gharama za kumsomesha mtoto wa kike. Walikunywa soda zao, wakashukuru, hawakurudi.

Mimi ndiye niliyemsomesha huyu. Penye watu watatu lazima aseme. Msibani amesema. Hospitalini, mama amelazwa, alimwambia daktari.

Na hiyo meseji ilipaswa kuja kwangu. Ila mimi nilibadilisha laini. Walikuwa wananipigia kila wiki, Ndugu mnufaika, Ndugu mnufaika, nikaitupa laini kwenye mtaro nikajiona mjanja. Mjanja kweli. Wamenikosa, wamemfuata aliyeandikwa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemuuliza bosi, kama vile namuulizia mteja. Mdhamini akiitwa na karatasi za mafao, ni kitu gani?

Hakuinua hata uso. Akauliza huyo mzee ameshapokea kiinua mgongo chake au bado. Nikasema bado. Ah, basi. Anaambiwa saini hapa kwamba unakubali, akisaini hela inakatwa hukohuko kabla hajaiona. Akikataa je? Akikataa watasumbuana naye mpaka mwenye deni apatikane. Ila wazee hawakatai, akasema, wazee wakipewa kalamu wanasaini. Mwenye deni akijitokeza mwenyewe akasaini yeye, mzee wanamwachia. Ila nani mjinga wa kujitokeza? Anapangiwa malipo ya kila mwezi, na mwezi mmoja ukimponyoka ni mahakamani.

Halafu ndiyo akaniangalia. Huyo mteja wako asije akataja duka langu, akasema.

Deni langu limezaa, na watoto wake wamezaa. Faini juu ya riba, riba juu ya faini. Nilichokopa hakifiki nusu ya ninachodaiwa. Kiinua mgongo cha mjomba kitamezwa chote. Kitamwinamisha mgongo badala ya kuuinua.

Mchana kutwa kuna wazo limenikaa kichwani na sikulifukuza: miaka yote anasema amenisomesha, basi sasa atanisomesha kweli.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa mjomba kumwambia. Sikumwambia.

Nilimkuta anapiga pasi suti. Kwanza kitambaa chenye maji, ndiyo pasi, ndiyo anapuliza. Alivyokuwa anapiga mashuka ya wagonjwa. Mkaza mjomba anachambua mchele mlangoni.

Akaniacha nimsubiri apoze pasi, kisha akanipeleka nyuma kunionyesha nyumba anayojenga. Kuta zimefika kwenye lenta toka niko sekondari. Magugu yameota sebuleni hadi kiunoni. Hapa kochi, akasema. Hapa mkaza mjomba wako atawekewa jiko la ndani, amechoka kunyeshewa. Mabati ameshayachagua dukani, rangi ya udongo. Muuzaji amemwahidi kumwekea mpaka mafao yatoke.

Nikaanza. Mjomba, hili neno mdhamini, maana yake...

Akacheka. Yaani unifundishe mimi maana ya mdhamini? Mdhamini ni mtu anayesimama nyuma ya mtu. Wewe ukianguka, unaniangukia mimi.

Ndiyo hiyo hiyo maana yake. Neno kwa neno. Nikabaki nimesimama kwenye magugu.

Anategemea watampa cheti, na picha itapigwa. Amenyoa ndevu kabisa, leo, siku tano kabla.

Wakati naaga mkaza mjomba alinisindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hafanyi. Akaniuliza, huko mnakokwenda watatoa hela au watachukua? Nikamwambia sijui. Haya mwanangu, akasema, na akageuka kabla sijamaliza kusema kwaheri.

Jumapili, 9 Machi

Mama kaja kwangu. Nimemweleza yote, laini, bosi, mafao, mabati. Alisikiliza huku anakunja nguo zangu ambazo sikumwomba akunje.

Usimwambie, akasema.

Nikadhani anaona aibu, maana yeye ndiye aliyeleta habari ya jezi. Siyo. Amelila jina hilo miaka yote, akasema, acha alilipie. Mimi nimeuza cherehani yangu, yeye anakaa kiti cha mbele. Kuna siku umesikia mtu akiniuliza mimi nimekusomesha kwa kitu gani? Huyo ni kaka yangu, nampenda, lakini acha.

Hakupaza sauti. Akaendelea kukunja.

Nilipaswa kushtuka. Nilifurahi. Naandika hivyohivyo, nilifurahi. Ilikuwa kama mtu kanikuna mahali nisipofika. Tukanywa chai, tukacheka kuhusu sanduku la zipu mbovu, mama akaigiza mjomba anavyomweleza daktari. Tulicheka mpaka machozi. Alipoondoka nikaona amekunja na ile fulana yangu ya chuo, imechakaa, ameiweka juu kabisa.

Halafu hamu ya kucheka ikaisha.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwomba bosi barua ya ajira. Nikajieleza kwa ufupi, nataka kwenda kupanga malipo yangu mwenyewe, bila kipato kinachoonekana hawatanielewa.

Duka langu halijaajiri mtu, akasema. Kwani wewe ni nani hapa? Unanisaidiasaidia.

Unanisaidiasaidia. Miaka mitatu!

Nikarudi kwenye kompyuta. Kijana aliyekuwa anasubiri akaniuliza kama jina la mdhamini liandikwe kwa herufi kubwa. Nikamwambia, kubwa kabisa.

Jumatano, 12 Machi

Mjomba kapiga. Anauliza tai ya buluu au nyekundu.

Buluu, mjomba.

Alhamisi, 13 Machi

Naandikia hapahapa kwenye benchi. Ofisi ya mikopo, korido ya ghorofa ya pili. Kukaa bure siwezi, afadhali niandike.

Tumekuja kwa miguu kutoka stendi maana hakutaka suti ijikunje. Njia nzima nilikuwa na sentensi mdomoni. Tukivuka barabara nitasema. Tukifika kwa mshona viatu nitasema. Kwa mshona viatu akasimama akang'arisha viatu, akamwambia fundi tunakokwenda. Fundi akampa hongera.

Ukutani hapa kuna bango, binti kavaa joho, meno yote nje: Mnufaika, lipa ili na mwingine asome. Mjomba alisimama akilitazama muda mrefu. Nilijua sasa ndiyo ameelewa, nikashika mkoba tayari kuondoka. Akageuka akasema picha yake wataiweka hapa, pembeni ya huyu. Kisha akavua miwani akanipa niishike. Hataki kutoka mzee kwenye picha.

Karani ni kijana wa rika langu. Huenda na yeye anakatwa. Akatoka na faili, akauliza, mdhamini ni nani? Mjomba akasimama, akafunga vifungo vyote vya koti, hata kile kisichofungwa. Mimi hapa. Na huyu ndiye... Karani akamkatiza, anaingia mdhamini peke yake, wengine wasubiri nje. Nami nikabaki kwenye benchi. Nilitazama sakafu, na nikaona nafuu. Nafuu kabisa, hadi mabega yalishuka.

Mlango wao haufungi vizuri. Nasikia karibu yote.

Nasikia kiti. Nasikia karani anauliza kazi, anajibiwa dobi mkuu, hospitali, mstaafu. Hakuwahi kuwa mkuu. Nasikia karatasi. Karani anauliza, mzee, wewe ndiye uliyemdhamini huyu masomo yake yote? Mjomba anasema, yote, toka mwanzo hadi joho. Karani anasema, ndivyo ilivyoandikwa hapa. Mjomba anacheka, kile kicheko chake cha kiti cha mbele. Basi, anasema, kumbe mnajua.

Karani amepunguza sauti. Mafao, nimesikia. Makubaliano, nimesikia. Mjomba anaitikia, naam, naam, naam, kama anavyoitikia watu wakubwa. Hajauliza hata swali moja.

Saini hapa, na hapa, na ukurasa wa nyuma.

Nasikia anapapasa mifuko ya koti.

Mlango umefunguka. Karani anasema, dada, mzee anasema miwani yake unayo wewe. Anasema si lazima sana, kusaini anaweza tu, ila anapenda aone kama jina lake limeandikwa sawasawa.

Nimesema naja.

Akaniangalia, faili kwapani. Kwani wewe ni nani wake? akauliza. Hakungoja, kapita kwenda fotokopi na kitambulisho cha mjomba, anasema akirudi. Mlango kauacha wazi.

Nimefuta miwani kwa khanga, vidole vyangu vimeichafua, nikaifuta tena. Kutoka hapa benchi hadi pale mezani si mbali. Mgongo wa suti umenyooka, hauna hata mkunjo mmoja. Kalamu iko mkononi mwake, bado hajasaini. Fotokopi inalia kule mwisho wa korido, ni mashine kama ya kwetu, najua ikibakiza ukurasa mmoja inavyolia.

Mjomba amegeuka. Bila miwani hanioni vizuri, ila anatabasamu huku upande wangu.