Siri Aliyonipa Saumu kwa Kiswahili

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute umeamka vizuri, magoti yametulia na presha imeshuka. Dawa unameza mwenyewe, au mpaka mdogo wangu Mwanahamisi apige kelele? Naye hajambo? Na majirani hapo Makorora wote salama? Sisi huku, Alhamdulillahi, tunapumua, ila kutulia hatujatulia. Mimi hasa. Tangu asubuhi nimefua nguo zisizo na uchafu, nimepangua kabati na kulipanga tena, nimetoka nje kwenye theluji nikarudi ndani bila kujua nilifuata nini. Sasa nimejikalisha kwa nguvu.

Najua umenuna. Umepiga simu na kupiga, sikupokea. Mwanahamisi kakuonyesha ile picha, mjukuu wako kalala juu ya barafu na watu wamemwinamia, nami mama yake nakuandikia neno moja tu, "mzima." Mama, ningepokea ningelia, na wewe ukinisikia nalia ungekosa usingizi mwezi mzima. Halafu jambo lenyewe lina kichwa na miguu, simu ingelikatakata. Bora nikuandikie, na barua ataileta mke wa Bwana Athumani, yule rafiki yetu wa hapa, anayekuja Tanga kumwoza binti yake.

Unakumbuka nilipokueleza mara ya kwanza mchezo anaocheza Saumu? Ulisema, "Ya Rabi, mtoto wa kike asimame arushiwe mawe, naye asikimbie?" Si mawe, lakini hukukosea sana. Ni mpira wa magongo, ila wanachezea juu ya barafu ngumu kama sakafu, wamevaa viatu vyenye chuma chembamba chini. Wanachogombea ni kidude cheusi cha mpira mgumu, duara, kinene kama kitumbua. Kikipigwa hukioni, unasikia mlio tu. Saumu ndiye golikipa. Amevikwa magodoro mwili mzima na kichwa kimo ndani ya kofia ngumu yenye vyuma usoni. Mwenyewe husema uwanjani hakuna aliyejistiri kumshinda yeye.

Basi mwaka huu akachukuliwa timu ya taifa ya wasichana, wale wasiotimiza miaka kumi na minane, na mashindano yao ya dunia yakaangukia huku huku Ufini, mji wa mbali kidogo na kwetu. Wakaja mabinti wa nchi nyingi, wengine warefu kama minazi. Mkweo Rashidi yuko baharini, unajua kazi yake ya upishi melini, kwa hiyo nikaomba ruhusa kule ninakohudumia wazee, nikapanda treni peke yangu. Nilibeba chupa ya chai na kaimati. Wazazi wenzangu wakazila zote, wakaniuliza kama kesho nitaleta tena.

Mechi za mwanzo Saumu alicheza vizuri mno. Watu nisiowajua walikuwa wanaimba jina lake, wanalivuta, "Sau-muu, Sau-muu," na mimi mwili unanisisimka. Niliwaza, huyu kazaliwa huku, lakini jina hilo nilimpa kwa sababu alikuja siku za mfungo, na sasa Wazungu uwanja mzima wanaliita.

Nusu fainali ndiyo iliyoleta mambo. Binti mmoja wa timu ya pili alikuja kwa kasi, akateleza, akamvaa Saumu wangu mzimamzima. Kichwa cha Saumu kikagonga mlingoti wa goli. Mama, mlio ule ninao masikioni mpaka sasa. Akalala, hatikisiki. Hapo ndipo mtu alipopiga ile picha. Nikasimama, nataka kuruka kizuizi, mzazi mmoja akanishika koti. Daktari wa timu akaingia, akamuuliza maswali, akamwonyesha vidole, akamwangalia macho. Saumu akajibu yote. Akasimama, akagonga gongo lake chini, uwanja ukalipuka kwa makofi. Akamaliza mechi na wakashinda. Fainali ikawa kesho yake.

Baada ya mechi wazazi tunaruhusiwa kuwasalimu watoto kwenye ujia, nje ya chumba chao cha kubadilishia nguo. Akaja, jasho linamtiririka, akanikumbatia. Kocha wao, mama mmoja mrefu mpole, alikuwa amesimama hapo hapo pembeni yetu. Saumu akaweka mdomo karibu na sikio langu, akasema kwa Kiswahili, huku anatabasamu:

"Mama, cheka. Usibadilishe uso."

Nikacheka. Sijui nilichekaje.

"Taa naziona mbili mbili," akasema. "Kichwa kinawanga, na nimetapika chooni. Daktari nimemdanganya. Usimwambie mtu, Mama. Kesho nacheza, halafu nitapumzika."

Kisha akaniachia, akageukia wenzake, wakawa wanarukaruka. Kocha akaniuliza, "Anasemaje binti yako?" Nikamjibu, "Anasema ana njaa."

Mama, usiku ule sikuweza kukaa chumbani hotelini. Nilitembea mji ule mpaka viatu vikalowa, sijui nimepita mtaa gani na gani. Namtafuta Rashidi simuni, hapatikani. Nikataka kukupigia wewe. Nikaogopa, maana nilijua utakachosema, na nilikuwa sijawa tayari kukisikia. Upande mmoja najiambia, ni mtoto mwenye akili, anaujua mwili wake, na fainali ya dunia si kitu cha kuja kila mwaka. Kama nikimsema, atanisamehe lini? Upande wa pili anakuja Kassimu, mtoto wa Bi Zena. Unamkumbuka alipokuwa bondia, kijana mzuri, anapita mtaani watoto tunamfuata. Alipigwa ngumi akazimia, na wiki ile ile akarudi ulingoni kwa sababu watu walisema ni shujaa. Baadaye alikuwa akifika Raskazone anasimama barabarani, hajui njia ya kwao iko wapi, na wewe ndiye uliyekuwa ukimshika mkono kumrudisha. Nilimwona Kassimu yule na njia yake iliyopotea, nikamwona binti yangu naye hivyo hivyo.

Asubuhi nikaenda uwanjani kabla ya mazoezi yao. Nilizunguka lile jengo nje, nafika mlangoni, napita, nazunguka tena. Mlinzi akanifungulia mwenyewe, nadhani alinihurumia. Kocha nikamkuta anakunywa kahawa. Nikamwambia kwa Kifini changu cha kuungaunga, "Jana nilikudanganya. Hakusema ana njaa. Alisema anaona taa mbili mbili."

Akaweka kikombe chini. Hakunilaumu, wala hakuniuliza kama nina hakika. Alisema tu, "Asante, mama," kisha akafunika uso kwa mikono, na nikaona naye ni mtu, naye alikuwa akiitaka fainali ile.

Saumu akaitwa. Akaja na soksi, nywele zimesukwa tayari kwa mechi. Daktari akamuuliza upya, safari hii polepole, na mtoto akashindwa kudanganya mbele yangu. Alipoambiwa hachezi, hakumtazama daktari wala kocha. Alinitazama mimi.

"Umenisema," akasema.

"Nimekusema, mwanangu."

"Nilikwambia kwa Kiswahili ili iwe yetu wawili. Nimeificha humo, nawe umeenda kuwafasiria."

Nikaenda kumletea viatu vyake.

Tukapelekwa hospitali apigwe picha ya kichwa. Tukakaa tukingoja kuitwa, na ukutani kulikuwa na televisheni inaonyesha hiyo hiyo fainali. Nesi akasema, "Nizime?" Saumu akasema, "Iache," akageuza kiti, akaipa mgongo. Mama, aliisikiliza mechi nzima hivyo, amefumba macho, anafuata kwa sauti ya mtangazaji. Kila walipokaribia goli letu vidole vyake vilijikunja kama ameshika gongo. Golini alikuwa binti mdogo kwake, Aino, aliyekaa benchi mashindano yote. Alijitahidi maskini. Wakaenda sare mpaka muda wa nyongeza, kisha kidude kile kikampita Aino chini ya mguu. Kwisha. Nilimwona kwenye televisheni amepiga magoti analia. Saumu hakugeuka. Aliniomba maji. Aliniomba kwa Kifini.

Daktari wa hospitali alituambia hakuna damu iliyovuja, Alhamdulillahi, ila ubongo umetikiswa vibaya. Akasema pigo jingine juu ya lile, hata dogo, lingeweza kumlaza asiamke, au aamke asiwe yeye. Saumu alikuwa anaangalia sakafu, sijui kama alisikia au alikataa kusikia.

Tuko nyumbani sasa. Haendi shule, chumba chake kina giza, simu kakatazwa. Wenzake wamekuja kumtazama, hata Aino, wakakumbatiana wakalia mlangoni. Hakuna aliyenilaumu, Mama, wala hakuna aliyenisifu. Ningepata hata mtu wa kunitukana ningetulia. Rashidi alipopatikana nikamweleza yote, akasema, "Mke wangu, hata mimi nisingejua." Nikakasirika, nikakata simu, kisha nikampigia tena.

Kinachonila ni hiki. Tangu siku ile Saumu hajanisemesha Kiswahili. Hana utovu wa adabu, nikimwita anaitika, nikimpa chakula anashukuru, ila vyote kwa Kifini, kama anavyowasemesha watu wa dukani. Jana nimepika bada kwa samaki, unga ule ule wa muhogo ulioniletea, kitu anachokipenda kuliko vyote. Alikula akamaliza sahani. Akasema asante, kwa Kifini. Nikaingia bafuni nikafungua maji.

Sijutii, Mama. Naandika hivyo kisha nanyanyuka naenda kusikiliza mlangoni kwake kama anapumua, narudi kukaa. Sijutii, na roho haitulii. Vinakaaje viwili hivi kifuani mwa mtu mmoja? Wewe umelea sita, niambie. Ulipomkatalia kaka asiende Mombasa na wale vijana, akakaa mwaka hakutazami, ulikuwa unalala?

Niombee. Nisalimie Mwanahamisi, umwambie asikuonyeshe picha kabla hajaniuliza. Nisalimie mjomba wa Mwera, mwambie nazi zake nazitamani, za huku zinauzwa zimeshakauka. Msalimie shangazi Mwanajuma aliyenifundisha kupika kaimati, na mke wa kaka, na watoto wake wote. Bi Zena jirani mpe salamu za pekee, umshike mkono kwa niaba yangu, sababu usimwambie.

Nakuachia nafasi chini. Nimemwambia Saumu, kama anataka kumsalimia bibi yake, kalamu hii hapa. Nimesikia mlango, ametoka chumbani.

Mimi mwanao asiyetulia,
Mwanaidi

Bibi, shikamoo. Ni mimi Saumu. Daktari kasema niandike kidogo tu, macho yasichoke. Kichwa bado kinauma lakini taa sasa ni moja moja. Samahani Kiswahili changu kuandika si kizuri. Nilitaka sana kucheza, Bibi. Bado nataka, kila siku naicheza kichwani. Mama hajakwambia kuwa pale hospitali alinishika mkono mpaka ukafa ganzi, na mimi sikuutoa. Sasa amesimama nyuma yangu, ananiuliza naandika nini. Nikiweka kalamu chini nitamjibu, na nitamjibu kwa Kiswahili.