Leseni Iko Litembo

Jumamosi, 1 Machi 2025

Kompyuta imerudi! Mansuetus fundi ameileta mwenyewe dukani, ameikumbatia kifuani kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Radi ya juma lililopita iliunguza mazabodi, ile bodi kuu ya ndani. Amebadilisha, amepiga upya windo, ile programu inayoendesha mashine, faili zangu zote zipo. Nikamwambia Mungu ambariki, nikamchemshia chai.

Alipoondoka ndiyo nikaona. Kona ya chini, kulia, maandishi ya kijivu: windo yako haina leseni, nenda kwenye mipangilio. Nikafungua barua ya mteja – maandishi yapo juu ya barua. Nikafungua picha – yapo juu ya picha. Nikazima, nikawasha. Yapo!

Nikampigia. Anasema hilo si tatizo, Mama Glorious, inafanya kazi, wangapi hapa Mbamba Bay wanatumia hivyohivyo. Nikamjibu hao wangapi hawakaguliwi Ijumaa.

Maana Ijumaa mchana wanakuja watu wa mradi. Wakiridhika, darasa la kompyuta la vijana litakuwa hapa kwangu, mwaka mzima. Wasiporidhika linakwenda kwa yule mwenye duka karibu na bandari, na mimi nafunga duka nirudi kwa kaka zangu kuanika dagaa. Sijilizi, ndivyo ilivyo. Barua yao iko wazi: programu ziwe na leseni halali. Bi Asteria wa mradi alinikumbusha hata kwa simu – hapo kwenye leseni, dada, ndipo wengi wanapoangukia.

Nimefunga mapema. Nina hasira na kitu kisicho na masikio.

Jumatatu, 3 Machi

Mansuetus ameshinda hapa. Kwanza alikuja na ufunguo, namba ndefu yenye vistari, kautoa kwenye kundi lao la mafundi la WhatsApp. Tukauingiza. Ukakubali! Nikapiga kigelegele mpaka mteja wa kopi akacheka. Kopi yake haijapoa, maandishi yakarudi. Safari hii yanasema: ufunguo huu umeshatumika kwenye mashine nyingi mno. Bila shaka! Nusu ya mafundi wa Ruvuma wanao.

Baada ya chakula akagundua jingine. Kompyuta hii ilikuwa na leseni ya windo ya nyumbani, yeye akaniwekea ile kubwa ya maofisini. Kwa nini? Alitaka kunipendelea! Marehemu mume wangu, Hyasinti, alikuwa mteja wake mzuri, kwa hiyo akaona mjane nimwekee iliyo bora. Leseni ndogo haiingii kwenye windo kubwa. Wema wake umenipotezea siku mbili.

Akaanza upya kabisa. Flashi ilikwama, akaenda kuazima nyingine, mtandao ukawa unakwenda kwa kutambaa. Jioni windo ya nyumbani imekaa. Tukabonyeza.

Leseni haikupatikana kwenye kifaa hiki.

Nikamwambia aende nyumbani kabla sijamtamkia neno ambalo nitalitubu Jumatano ya Majivu.

Jumanne, 4 Machi

Leo tumejua, na afadhali nisingejua.

Mansuetus kaeleza taratibu, akichora na kidole juu ya meza. Leseni ilikuwa imeshikamana na mazabodi ya zamani. Mazabodi imekufa, leseni haina pa kushika. Lakini kama mwenye kompyuta aliiunganisha na akaunti yake, anaweza kuingia humo na kusema: nimebadilisha kifaa, hii ndiyo mashine yangu, nirudishie. Je, mzee aliiunganisha?

Aliiunganisha. Hyasinti alikuwa mwalimu, hakuacha kitu bila kukiandikisha. Barua pepe yake naijua. Neno la siri silijui. Nimejaribu jina la mtoto, mwaka wa ndoa, jina la shule ya Lipingo alikopangiwa kufundisha, timu yake. Yote hapana. Kisha ikauliza: tutume namba ya uthibitisho kwenye simu inayoishia na 62?

Sitini na mbili. Namba ya Hyasinti. Mansuetus akauliza kama naumwa.

Simu hiyo iko Litembo, kwa mama mkwe, Mama Avelina. Baada ya msiba ukoo ulikaa kugawa vitu vya marehemu, kama desturi. Nguo kwa wajomba, baiskeli kwa binamu, viatu sijui kwa nani. Kompyuta nayo wakaigawa kama mbuzi! Kioo kikaenda kwa shemeji Raimundi, alidhani ni televisheni, nami kioo hiki nimekipata kwingine. Sipiyu, lile boksi lenyewe, na kibodi wakaniachia mimi, kwa kuwa ndiye mwenye duka. Simu ndogo ya batani akapewa mama yake. Wazee waligawa wakiamini wamemaliza. Kumbe mashine imebaki huku ziwani na ruhusa ya kuitumia imepanda milimani. Hakuna aliyekosea kwa nia mbaya. Lakini nani hapa kwetu angejua kwamba simu ya tochi na kompyuta ni kitu kimoja?

Niliuliza kuhusu kununua leseni mpya. Mansuetus kanitajia bei. Nikafuta meza.

Na kwa Mama Avelina sipigi simu. Tuliachana vibaya. Siku ile ile ya kugawa alisimama mbele ya watu wote akasema: presha haimuui mwanamume mwenye mke. Kwamba mwanawe alikaa Lipingo peke yake na dawa zake, mimi niko dukani nachapa barua za watu, sikumuuliza hata kama anazinywa. Mtu amezika mwanawe, unamjibu nini? Lakini sijapanda Litembo tangu hapo.

Jumatano, 5 Machi. Majivu

Nimetoka kanisani na msalaba kwenye paji la uso, nikampigia shemeji Raimundi huko Litembo kabla ujasiri haujanitoka. Salamu ndefu, mvua, maharage, hali ya Glorious shuleni. Kisha nikasema: shemeji, kuna namba zitaingia kwenye simu ya marehemu, naomba unisomee tu.

Akakohoa. Shemeji, simu ile haishikwi. Mimi mwenyewe naishika Jumapili tu baada ya misa, kumsomea Mama meseji zilizomo, tena akiwa amekaa pembeni. Anaiwekea vocha laini isifungiwe. Njoo mwenyewe uombe.

Nikasema ni namba sita tu! Akasema hata ingekuwa moja.

Basi. Kesho napanda. Mansuetus atabaki dukani na kompyuta, mimi nikiwa huko namwambia aombe namba, inaingia, namsomea, tunamaliza. Kwa maneno ni jambo la dakika tano. Nimenunua samaki wawili wakubwa, mbasa wakavu. Mikono mitupu siwezi kuingia ile nyumba.

Hyasinti, wewe na kuandikisha kwako!

Alhamisi, 6 Machi. Litembo

Gari la kwanza hadi Mbinga, kisha bodaboda. Mvua imetukuta njiani, tope hadi magotini, dereva akanishusha mara mbili nisukume. Nimefika nimelowa kuliko samaki niliowabeba.

Mama alikuwa shambani, anatupia mbegu za maharage kwenye ngolo, yale mashimo ya kilimo cha mlimani. Shikamoo Mama. Marahaba. Akaniangalia miguu. Akasema: nenda ukaoshe hayo matope, utaugua. Nikanawa, nikarudi, nikashika jembe, tukafukia mbegu hadi mvua iliporudi. Naye hakuuliza kilichonileta. Mbasa aliwapokea kwa mikono miwili.

Nilimweleza jikoni. Nilijaribu kwa maneno mepesi – kompyuta imekufa, imefufuka, haijui kama ni yetu, inataka kusikia kutoka kwenye simu ya Hyasinti. Alisikiliza vizuri. Akauliza: inataka kumsikia yeye? Nikasema hapana Mama, namba tu. Akaenda chumbani akarudi na simu imeviringishwa kwenye kanga, ina chaji, imewaka.

Nikampigia Mansuetus. Omba! Akaomba. Tukasubiri. Bahasha ndogo ikaanza kupepesa juu ya kioo. Nikabonyeza.

Nafasi ya ujumbe imejaa. Futa baadhi.

Nilicheka. Kweli nilicheka, kwa hasira! Radi, mazabodi, windo kubwa, windo ndogo, tope – na sasa bahasha!

Nikauliza, Mama, nifute meseji moja? Akainyakua simu mkononi mwangu kwa nguvu ambayo sikuidhani. Raimundi aliitwa aeleze. Matangazo hamna humo, Hyasinti alikuwa akiyafuta mwenyewe. Meseji zilizobaki ni za watu. Nafasi za mwisho zilijaa siku ile ya msiba, kila mtu akituma akiuliza kama ni kweli. Tangu hapo haijaingia hata moja. Nikasema basi tutoe laini tuiweke kwenye simu yangu. Ah! Laini ina namba ya siri, aliijua Hyasinti tu. Simu ikizimwa au laini ikitolewa, itadai hiyo namba na haitafunguka tena. Ndiyo maana haijawahi kuzimwa. Siku umeme wa jua unapogoma, Mama anaitembeza kwa majirani kutafuta chaji.

Nikamwambia Mama, wanakuja kesho. Nikikosa hili nafunga duka. Akasema: nimekusikia. Kula kwanza.

Mansuetus ameomba namba tena na tena hadi akaunti imegoma. Inasema jaribu baada ya saa kadhaa. Nimemwambia aache, ajaribu asubuhi.

Kesho ndiyo kesho.

Ijumaa, 7 Machi. Litembo

Naandika hapa jikoni, haraka.

Asubuhi Mama kanipa simu mwenyewe. Amefikiri usiku. Nifute moja. Moja tu. Lakini atachagua yeye, na hawezi kuchagua asichokijua, kwa hiyo nimsomee zote kwanza. Nikasema sawa Mama. Mansuetus alishapiga, akaunti imefunguka, namba nyingine imetumwa, bahasha inapepesa. Anasema gari la mradi limewahi, limeonekana kituoni likiteremsha watu. Bado wanakunywa chai.

Nikaanza juu. Mwalimu mkuu anauliza kuhusu zamu. Mtu wa mbegu. Yule rafiki yake wa kwaya. Wale wa siku ya msiba – Mwalimu pokea simu, Mwalimu ni kweli? Mama anatikisa kichwa, hapana, hao walimlilia, usiwafute.

Kisha zikaanza za kwangu.

Umekunywa dawa?

Nikapita, nikasoma inayofuata. Umekunywa dawa? Inayofuata. Habari za asubuhi, umekunywa dawa? Umekunywa? Nijibu. Umekunywa dawa? Nikaona hapa pana nafuu, hizi ni nyingi, zilezile, ikitoka moja hakuna kinachopungua. Nikasema, Mama, basi tufute moja ya hizi.

Nikainua kichwa. Ameweka mkono mdomoni.

Hizo hajanisomea, alisema.

Nani?

Raimundi. Akifika hapo anasema, Mama, hizi za mke wake ni zilezile tu, halafu anapita. Nikawa nadhani ni salamu. Kumbe ulikuwa unamuuliza.

Nikasema kila asubuhi, Mama.

Naye alikuwa anajibu nini?

Majibu hayakai humu Mama, humu ni zilizoingia tu. Alikuwa anasema ndiyo. Alikuwa ananidanganya.

Hapo ndipo nililia. Sikulia hivyo hata makaburini. Nilikuwa na hasira na Hyasinti, na hasira hiyo nimeibeba peke yangu mwaka mzima, maana nani angenisikiliza nikisema marehemu alikuwa mwongo? Mama akanishika kichwa. Akasema alikuwa hivyo tangu mtoto, akipewa kwinini anaitema nyuma ya nyumba kisha anakuja kuonyesha ulimi. Tukacheka na machozi.

Nikafuta uso, nikauliza tena, kwa upole: Mama, sasa nifute moja?

Akasimama. Hata moja, akasema. Hapana, Mama Glorious. Hata moja. Mimi nilisema neno langu mbele ya watu, na hao watu waje wazisikie hizo, zote, bila kurukwa. Amejifunga kanga, ametoka. Amekwenda kumwita Raimundi, na wajomba, na kila aliyekuwepo siku ile ya kugawa. Simu ameniachia mkononi. Hakunikataza kitu kingine, alisema tu nakuja.

Mansuetus amepiga. Wageni wako dukani. Bi Asteria ameuliza maandishi yale kwenye kona ni ya nini, yeye Mansuetus amewaambia mwenye duka yuko njiani na leseni. Ananiambia: namba inakufa baada ya muda mfupi, Mama Glorious, iko hewani inasubiri nafasi, nafasi moja tu, fanya chochote!

Nimefungua moja ya zilezile. Chini imeandikwa Futa? Kidole changu kiko kwenye batani. Mama hajui kusoma, hawezi kuhesabu ngapi zilikuwa. Raimundi hakuwahi kuzifungua. Hakuna atakayejua duniani.

Nimebonyeza Rudi. Nimefungua nyingine. Futa? Rudi.

Mansuetus anapiga tena. Nje nasikia watu wanafika, wanavua viatu mlangoni, na sauti ya Mama inawaambia wakae karibu.