Ngazi ya paka na klori yangu

Alhamisi, magaribi

Bado nakohoa. Mimi, niliyepuliza klori mutaa wote wa Majengo wakati wa Ebola mpaka vijidudu vikanikimbia, leo nimeangushwa na mukojo wa paka.

Ile ngazi ya paka ya kupandia na kulalia niliinunua kwa muzungu aliyekuwa anarudi kwao, ili paka wa mutoto wangu Sifa naye alale kifalme. Ilinuka mukojo wa paka wake wa zamani. Nikaimwagia klori kali ndani ya nyumba. Macho yakawaka, pumzi ikakatika. Paka akapiga chafya mara mbili. Hapo ndipo nikaogopa.

Mama Kavira, jirani wetu wa kazi ya hospitali, akaja kufungua madirisha. “Weye Dokta wa klori! Mukojo unaoshwa kwanza na sabuni na maji mingi. Ukikutana na klori, inatoka gazi mubaya!”

Nimeisuuza mara tatu. Iko inje juu ya mawe mpaka harufu iishe, paka asije akaikanyaga, kisha akalamba klori kwenye miguu yake.

Sasa hivi paka amemaliza sambaza zake zote, vile visamaki vya ziwa. Afadhali.

Jumapili Sifa atapiga simu toka Butembo. Anaulizaka paka kwanza, kisha baba. Nitamwambia paka ni muzima. Kikohozi, nitasema ni vumbi.