Mwanga Nisiouona Handakini

Sanyuanli, Guangzhou

Kwako kaka yangu Dismas,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta salama wewe, shemeji na watoto. Mimi natembea, ila mwili umechoka mno. Ningekupigia simu, lakini haya ni bora uyasome mwenyewe.

Juma lililopita sisi wanafunzi wa jiolojia tulipelekwa kwenye milima ya chokaa, mbali sana kaskazini. Tulipanda treni, kisha basi, kisha tukakwea kwa miguu hadi kwenye pango ambalo wenyeji wa zamani waliliunganisha kwa handaki na bonde la upande wa pili. Ndani mna baridi, na maji yanadondoka toka juu bila kukoma.

Katikati ya handaki mwalimu alituambia tuzime taa, macho yazoee giza, kisha tufuate mwanga unaoingia kule mwisho. Haukupita muda wenzangu wakaanza kushangilia kwamba wanauona. Mimi sikuona kitu. Herieth, binti wa Bukoba ninayekaa naye chumba kimoja, akaninong'oneza, "Si ule pale, Sesilia?" Nikamjibu nauona. Nikapiga hatua, nikatumbukia mferejini, goti likachanika. Wengine walicheka. Herieth hakucheka; alinishika mkono mpaka nje, na tuliporudi mjini akanikokota hospitali.

Kaka, daktari amesema macho yangu yanakufa polepole, na huanza hivyo, kwa kushindwa na giza. Dawa hakuna. Masomo huenda nikayamaliza. Ya baadaye sijui. Nimelia hadi nimechoka kulia.

Lakini hilo silo lililonishikisha kalamu. Daktari alisema ugonjwa huu hurithiwa, akaniuliza ni nani nyumbani hujikwaa jua likishazama. Dismas, Baba hakuwa amelewa. Jioni zile zote alizoangukia vyungu uani, akaapa hajaonja pombe, nawe ukamfukuza akakae kwa shangazi mpaka aache ulevi, alikuwa anasema kweli. Nadhani hata yeye hajui kilichompata.

Kamchukue. Nenda asubuhi ili mrudi kungali mchana, na mkichelewa njiani mshike mkono, usimwache atangulie.

Nisalimie shangazi, na wote wanaoniulizia. Mungu awatunze.

Ni mimi mdogo wako,
Sesilia