Sabuni za Rambirambi

Mpendwa Mama Paska,

Kichwa cha mtoto kimepona. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla hata hujaitikia salamu. Magamba yameisha, hata yale ya nyuma ya masikio, na miguu haipauki tena. Mengine huku si mazuri sana, lakini hilo ni zuri, na sina wa kumwambia akafurahi ninavyotaka mimi.

Unakumbuka yalivyoanza? Paskalina alikuwa mchanga bado, hata kitovu hakijasahau kukatwa. Ukamvua kofia asubuhi, ukakuta utosi mzima umeshika utando wa manjano kama ukoko wa ugali. Mimi nikashtuka, nikataka tukimbilie zahanati. Wewe ukacheka. Ulisema uliona wadogo zako wote wakiwa hivyo kule Dareda na wote wana nywele hadi leo. "Hayamuumi," uliniambia. "Yanatutia aibu sisi tu."

Mafuta ya mgando hayakuwepo mjini. Duka la ushirika lilikuwa na chumvi, viberiti na karani anayesinzia. Kwa mlanguzi hukutaka niende, uliogopa nitakamatwa kwa ajili ya kopo la mafuta. Basi ukachuma mbegu za nyonyo pale pembeni ya shamba letu la Bagara, ukazikaanga, ukazitwanga, ukazichemsha, ukaengua mafuta yaliyoelea juu. Nyumba ilinuka mpaka majirani wakaulizana. Nikakuuliza kama unapika dawa ya mtoto au grisi ya trekta. "Siku duka likileta mafuta, Baba Paska, utakuja uniambie," ukajibu bila kuacha kuengua.

Kisha ukaniita nishike. Hilo ndilo nililolipenda kwako, Mama Paska. Wenzako walikuwa wakiwafukuza waume zao mtoto akiogeshwa, wewe ulinivuta mkono. Ulinionyesha kupasha mafuta kwenye kiganja, kuyapaka taratibu, kuyaacha yakae hadi utando ulainike, halafu kuufuta kwa kipande cha khanga kuukuu. Kucha ulizikataza kabisa. Maji yawe vuguvugu, yapimwe kwa kiwiko, na mtoto apakwe mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Nikakuuliza na sabuni je? Ukaniangalia kama mtu asiye na akili. "Sabuni ni ya nguo na ya baba yake," ulisema. "Ngozi hii bado mbichi."

Halafu homa ile ikakuchukua, mahindi yakiwa hata hayajaingia ghalani. Siwezi kuandika juu ya siku hizo. Nilijaribu mara moja, nikaishia kuichana karatasi, na karatasi zenyewe siku hizi ni za kutafuta.

Nitakuambia ya baadaye. Watu walikuja, Mama Paska. Walitoka Nakwa, walitoka Mutuka, wengine kwa miguu. Na kwa sababu uliacha mtoto mchanga, walileta sabuni. Hebu fikiria. Mwaka ambao watu wanafua kwa majani ya mpapai, mama wa watu anafungua pindo la khanga anatoa kipande cha sabuni kilichokatwa kwa uzi, anakiweka mkononi mwangu analia. Wengine walileta ile ya kienyeji ya magadi, nyeusi, inayochoma hata mikono ya wafuaji. Nililia nao. Sijawahi kupewa kitu kikubwa namna ile.

Lakini kila aliyeleta sabuni alitaka kumwogesha mtoto mwenyewe, rambirambi yake ionekane imefanya kazi. Akitoka huyu anaingia yule. Mtoto anapakwa povu, anasuguliwa, anasuuzwa, anafunikwa, na jioni anakuja mwingine anaona ngozi imekauka, anasema huyu hajaogeshwa vizuri. Anasuguliwa tena. Ngozi ikapauka, ikapasuka kwenye viwiko na nyuma ya magoti. Magamba ya kichwani yakarudi, makavu safari hii, yakipukutika kwenye shuka. Alikuwa hawezi kulala. Anajikuna uso kwa vidole vyake vile, analia, na mimi namtembeza uani nikitafuta sauti yako kichwani mwangu.

Dada yangu Martha ndiye aliyekuwa mbele kwa kusugua. Usimkasirikie. Alikuwa akisema, "Mtoto hana mama, angalau awe na sabuni." Ungemjibu nini mtu anayesema hivyo huku machozi yanamtoka?

Mimi nilijibu. Nilisema asanteni wote, ila kuanzia leo hakuna tone la sabuni litakalomgusa huyu mtoto.

Uso wa Martha ungeuona. "Unakataa sabuni? Mwaka huu?"

"Mama yake hakumpaka."

"Mama yake hayupo, mdogo wangu. Msiba umekuingia kichwani."

Habari ikapanda hadi Dareda kwa mdomo wa watu wa mnadani, na ilipofika kwa mama yako ilikuwa imeshanenepa. Akaambiwa mkwe wake amechanganyikiwa, anakataza mjukuu asioge. Akateremka na gari la kwanza. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akamfungua mtoto kitambaa cha kichwa hapo hapo uani. Akakigeuza kichwa huku na huku, akiyatazama magamba.

"Baba Paska, nimekuja kumchukua mjukuu wangu," alisema. "Sikulaumu. Mwanaume hana mkono wa mtoto."

Watu husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kisha wakinitazama mimi wanasahau kwamba na mimi ni mzazi. Nilipiga magoti, Mama Paska. Mbele ya mkwe wangu, mbele ya majirani, nikaomba aniachie mtoto mpaka mahindi ya msimu mpya yachanue, yatoe mbelewele. Kichwa kikiwa bado hivi, amchukue. Nilikuwa nimeshakuzika wewe. Huyu akiondoka, nyumba ile ningebaki nayo ya nini?

"Kwa dawa gani?" akauliza.

"Ya binti yako, mama."

Akamfunga mtoto kitambaa, akanirudishia. Akahamia kwa Martha, na kila asubuhi akaja na kigoda chake, akakaa mbali kidogo, akanitazama.

Nyonyo za kwanza niliziunguza. Za pili zilitoa mafuta. Nikapasha kwenye kiganja, nikapaka, nikasubiri, nikafuta. Mkono wangu ni mzito, unajua, nilikuwa naogopa utosi ule unaodunda. Nilikuwa nasikia unanisema: polepole, usikwangue, bado. Nikikosea nilisikia unavyoguna. Mafuta ngozi ikiwa na unyevu, kitambaa laini, basi. Magamba yakatoka, yakarudi kidogo, yakatoka tena. Viwiko vikafunga. Usiku mmoja akalala mpaka jogoo akawika, na mimi ndiye niliyekesha kwa kushangaa.

Wiki hii mahindi yametoa mbelewele. Mama yako akaja bila kigoda. Akampakata mtoto, akapitisha kiganja chote juu ya kichwa, akakirudisha, akakipitisha tena. Kisha akalia, mama yule ambaye hata kaburini alisimama wima. "Mwanangu alikufundisha," alisema. "Mwache akae kwa baba yake." Leo asubuhi amepanda gari la Dareda peke yake.

Nilipaswa kufurahi, na nimefurahi. Lakini gari lilipoondoka nilikaa chini uani nikalia kama mjinga. Kichwa kilipokuwa kibovu nilikuwa na kazi yako mkononi, na kila asubuhi ulikuwa unaniambia la kufanya. Sasa kimepona. Leo nilimpaka mafuta na sikukusikia ukisema chochote.

Alikuwa amekaa mapajani mwangu, anang'aa kwa mafuta, ananivuta pua. Akanitazama sawasawa usoni, akasema, "Mama."

Ni neno lake la kwanza. Nikageuka kuangalia mlangoni, Mungu anisamehe, nikidhani umeingia. Mlango ulikuwa mtupu. Akarudia kwa sauti zaidi, kama mtu anayeita aliye mbali. Niliona midomo yake inaanza kujikunja kulia kwa sababu hajibiwi.

Basi nikaitika.

Pumzika, Mama Paska. Maji yake yameshapata vuguvugu, na huyu hapendi kungoja.

Mume wako,
Baba Paskalina