Pete ya Nira Haikuwa Katikati

Jumamosi, Migato. Mvua ya jana imelainisha shamba, leo jua limetulia, nami nina matope hadi magotini. Niko vizuri kuliko nilivyotarajia baada ya asubuhi kama hii.

Nimekuja kwa siku tatu kumsaidia mama kulima shamba la pamba. Chuoni mimi ni mhadhiri wa hisabati, upande wa mekanika, yaani nguvu na mwendo. Hapa ni mtoto wa kuongoza ng'ombe, kazi niliyoiacha nilipokwenda sekondari.

Mama alikuwa anawafunga maksai wawili: Askari, mzoefu wa miaka mingi, na mwingine anayefundishwa msimu huu. Nikaona pete inayoshika mnyororo wa plau haiko katikati ya nira. Imesogezwa upande wa Askari, kama vidole vinne hivi. Nikanyoosha mkono niirudishe.

"Kabula, acha," mama akasema. "Huyu bado mchanga. Ukimpa sawa na mwenzake utamuumiza."

Nikaiachia ile pete: ikikaa karibu na Askari, yeye ndiye anayevuta zaidi.

Nina makala kuhusu plau ya ng'ombe inavyoyumba kwenye udongo mgumu. Jarida limeshaikubali, na ndiyo inayobeba maombi yangu ya uprofesa mshiriki. Kamati inakaa mwezi ujao. Ukurasa wa pili nimeandika: tuchukulie kila ng'ombe anavuta nusu. Kila kinachofuata kimesimama juu ya sentensi hiyo. Niliipenda kwa sababu ilifanya milinganyo ipendeze. Vipimo vya mashambani vilipogoma kukubaliana nayo, nikausingizia udongo.

Na nilijua. Nikiwa darasa la tano nilikuwa naisogeza pete hiyo mwenyewe.

Tumelima hadi saa tano, mimi mbele ya ng'ombe nikipiga hesabu kichwani. Ukiiondoa ile nusu, kule kuyumba nilikokuita kosa la udongo kunajitokeza kwenye mlinganyo bila kulazimishwa. Nilicheka peke yangu, mama akaniuliza kama jua limeniingia.

Waliohakiki makala hawakuona kitu. Ningenyamaza, cheo ningepata.

Saa saba nimemwandikia mhariri asiichape. Nimeshatuma. Niliogopa kidogo kabla ya kubonyeza, baada ya hapo hofu ikaisha. Makala mpya itakuwa bora kuliko yoyote niliyowahi kuandika, na sioni haya kusema hivyo. Hesabu naiweza. Nilichokosa ni kuamini nilichokuwa nakijua.

Nimemweleza mama kwamba cheo huenda kikachelewa mwaka mzima. Akanisogezea bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akatazama zizini.

"Hata huyu mchanga," akasema, "mwakani atavuta nusu."

Kesho tunamalizia kipande cha juu. Pete nitaifunga mimi.