Hobi ya Kiprono

Jumatatu, 12 Agosti 1996
Na bado sijamaliza kusema kuhusu mikono ya mume wangu. Leo tumechuma majani pamoja na kikapu changu kimejaa haraka, kwa sababu ananitilia yake kwa siri. Mama mkwe ameona. “Kiprono, hata chai itaona haya.” Wiki tatu za ndoa. Nina raha mpaka naogopa.
Barua kutoka nyumbani Nyamira. Baba anakuja Jumamosi. Anataka kuona farasi.

Jumanne, 13 Agosti
Tulijuana kupitia gazeti, ukurasa wa marafiki wa barua. Wote waliandika hobi zao: kusoma, kusikiliza redio, kuimba kwaya. Kiprono peke yake: kupanda farasi. Jamani, moyo wangu. Baba alikuwa hataki niolewe huku Merigi. Nikamsomea hiyo. Akalainika.
Nilidhani farasi yuko kwa amu yake huko Silibwet. Sikutaka kuonekana mwenye tamaa, sikuuliza. Leo nimeuliza. Akaweka kikombe chini.
Hakuna farasi. Hajawahi kuwako. Kuna punda wa kubeba maji, na anauma.

Alhamisi, 15 Agosti
Jana nilikasirika karibu siku nzima. Kazi ngumu, kwa mtu mwenye macho kama yale.
Amenieleza. Alipokuwa kidato cha pili, mwalimu wa Kiingereza aliwafundisha asili ya neno hobi. Zamani lilikuwa jina la farasi mdogo. Baadaye, farasi wa kuchezea: fimbo yenye kichwa, mtoto anaipanda na kukimbia. Mwishowe, jambo lolote mtu analofanya kwa furaha tu, kwa sababu ile fimbo unaipanda kwa nguvu na haikupeleki popote. Kiprono akakumbuka bua la mahindi alilokuwa akipanda kama farasi utotoni katikati ya majani chai.
“Nikaona mimi ndiye mwenye hobi ya kweli.”
Nimeazima kamusi kwa mwalimu jirani. Ni kweli. Nimemsamehe hapo hapo kwenye herufi H.
Lakini Baba hakufika kidato cha pili. Shemeji yangu, mume wa dada, alimdanganya kuhusu redio tu, na mpaka leo hakanyagi kwetu. Kiprono akifukuzwa pia, nitakuwa nikienda nyumbani peke yangu maisha yote.
Mama mkwe anasema tumfunike punda blanketi, wazee hawaoni vizuri. Kiprono amekataa. Atasema mwenyewe.

Jumamosi, 17 Agosti
Baba hakuketi hata. “Yuko wapi?”
Kiprono akazunguka nyuma ya ghala, akarudi na bua la mahindi. Akaeleza yote: mwalimu, neno, farasi mdogo, bua. Baba akasikiliza kama yuko kwenye baraza la chifu. Mama mkwe akamtilia mursik, maziwa yao ya mgando. Akanywa yote.
“Anakula nini?”
“Hali, Baba.”
“Kupe?”
“Hawamshiki.”
“Basi amewashinda ng'ombe wangu wote.”
Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Baba akaomba bua. Baba yangu, mzee wa kanisa. Akalipanda, akazunguka ghala mara moja, polepole, koti likipepea.
“Kweli,” akasema, akihema. “Hafiki popote.”

Jumapili, 18 Agosti
Mvua. Kiprono amelala, mdomo wazi kidogo. Mzuri hata hivyo.
Baba ameondoka baada ya chai. Langoni alimshika Kiprono mkono kwa muda mrefu, akamuuliza lini atakwenda kuona nyumbani kwetu. Kabla mwezi haujaisha, Kiprono akajibu. Tutakwenda wote wawili.